Plagini na mandhari zilizochakachuliwa kwenye WordPress: kuzitambua, kuzing'oa na kuziba pengo

Simu iliita Jumapili jioni. Alikuwa dada mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo, mteja niliyemtengenezea tovuti miezi minne nyuma, na siku hiyo hakuwa na salamu ndefu. "Kaka, wageni wangu wananiuliza lini nimeanza biashara ya kubeti." Nikafungua tovuti yake kwenye kompyuta. Vitanda, vyandarua, picha ya bahari, kila kitu mahali pake. Nikamwambia labda wageni wamekosea anwani. Akanijibu, "Wewe ingia kama mgeni, usiingie kama fundi." Nikachukua simu, nikazima Wi-Fi, nikatumia bando, nikaandika jina la nyumba yake Google na kubonyeza jibu la kwanza. Ukurasa mweupe kwa sekunde mbili, kisha kamari ikafunguka mbele yangu.

Aliyempelekea kamari hiyo ni mimi. Ilikuwa 2018. Mandhari (muonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari) tuliyoipenda wote wawili iliuzwa dola 59, takriban shilingi 134,000 kwa wakati ule. Malipo yangu ya kazi nzima yalikuwa 350,000, na kadi ya kulipia mtandaoni sikuwa nayo. Kulikuwa na tovuti inayoitoa bure. Nikaishusha, nikaipandisha kwenye seva, ikafanya kazi vizuri kabisa. Ndiyo tabia ya kitu kilichochakachuliwa: kinafanya kazi. Hata petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwasha gari.

Mwongozo huu ni wa mwenye tovuti ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, anayeshuku alichowekewa, na wa fundi mwenzangu anayejua fika alichokiweka. Hatua zinafuatana kwa sababu, na mpangilio wake nimeujua baada ya kuzifanya ovyo mara ya kwanza.

Kilichomo ndani ya pakiti

Plagini ni programu ndogo inayoiongezea WordPress uwezo. Ile ya kulipia kwa kawaida huomba ufunguo wa leseni, kisha huwasiliana na seva ya mwenyewe kuthibitisha kwamba umelipa. Mchakachuaji hutafuta mistari inayouliza swali hilo, akaifuta au akaifanya ijibu "ndiyo" kila mara. Kwa anayejua PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, ni kazi ya dakika chache. Cha kujiuliza ni kwa nini mtu aifanye kazi hiyo kwa maelfu ya plagini, alipie seva, apange kurasa nzuri zenye picha na maelezo, halafu akupe wewe bure usiyemjua.

Jibu mojawapo linaitwa WP-VCD. Ni programu hasidi iliyoanza kuonekana 2017, na Novemba 2019 kampuni ya usalama ya Wordfence ikachapisha uchambuzi wake kwa kina. Ilikuwa biashara inayojizungusha yenyewe. Wenye nayo walimiliki tovuti kadhaa za kugawa plagini na mandhari za bure. Ukishusha kimoja na kukiweka, tovuti yako inaambukizwa. Tovuti iliyoambukizwa inafanya kazi mbili: kuwaonyesha wageni wako matangazo yanayowaingizia wao fedha, na kupandikiza viungo vinavyozinyanyua tovuti zao za kugawa ili zitokee juu kwenye Google. Mwingine akitafuta mandhari ya bure anawakuta wao kwanza. Yaani hata mimi nilipowapata ukurasa wa kwanza, walikuwa wamepandishwa pale na tovuti za watu kama mimi.

Kilichonikera kuliko vyote ni jinsi ilivyojificha. Msimamizi akiingia kwenye tovuti, anwani yake ya IP (namba inayotambulisha intaneti anayotumia) inaandikwa kwenye faili iitwayo wp-feed.php. Kuanzia hapo anwani hiyo haionyeshwi tangazo. Wanaoonyeshwa ni wageni wanaotoka Google, Bing, Yahoo na kadhalika. Ndiyo maana kwa Wi-Fi ya nyumbani niliona vyandarua, na kwa bando nikaona kamari.

Kabla yake ilikuwepo CryptoPHP, iliyofichuliwa Novemba 2014 na kampuni ya Fox-IT ya Uholanzi. Hiyo ilisambaa kupitia plagini na mandhari zilizochakachuliwa za WordPress na za mifumo mingine ya tovuti, Joomla na Drupal. Ujanja wake ulikuwa mstari mmoja tu:

`<?php include('assets/images/social.png'); ?>`

Soma tena mstari huo. Msimbo unaomba kuendesha picha. Picha haiendeshwi, picha huonyeshwa. Ile social.png haikuwa picha bali PHP iliyovalishwa jina la picha, na ndani yake kulikuwa na mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuingilia tovuti.

Usidhani ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Katika ripoti yake ya mwaka 2020, Wordfence ilisema chanzo kilichoongoza kwa kueneza programu hasidi kwenye tovuti za WordPress ilizozichunguza kilikuwa plagini na mandhari zilizochakachuliwa: zaidi ya tovuti 200,000.

Basi tuseme umebahatika, na uliyoishusha haina chochote ndani. Bado ina kasoro ya pili, nayo ni kwamba haisasishwi. Mwaka 2014 liligundulika tundu kwenye Slider Revolution, plagini ya picha zinazopita ambayo wauza mandhari wengi walikuwa wakiipakia ndani ya mandhari zao. Matoleo hadi 4.1.4 yalimruhusu mtu yeyote kushusha faili ya wp-config.php, yenye nywila ya hifadhidata. Rekebisho lilikuwa limeshatoka, ila wengi hawakujua hata kama plagini hiyo wanayo. Desemba mwaka huohuo shambulio lililoitwa SoakSoak likapita, na Google ikaziorodhesha tovuti zaidi ya 11,000 kuwa hatari. Aliyenunua mandhari alikuwa na pa kushusha toleo jipya. Mwenye nakala ya kuchakachua alikuwa na nini?

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana watu huianzia hapo wakabishana hadi usiku. WordPress ina leseni ya GPL, na plagini nyingi za kulipia pia ziko chini ya GPL, leseni inayoruhusu kunakili na kusambaza. Kwa hiyo si kila anayegawa nakala amevunja sheria ya hakimiliki, ingawa picha, nembo na majina ya biashara ni habari nyingine. Wauzaji wa "GPL kwa bei poa" hujificha nyuma ya hoja hii. Mimi sina ugomvi na hoja yao. Ninachouliza ni nani ameigusa faili kati ya mwandishi wake na seva yangu, na wao hawana namna ya kunithibitishia.

Hatua ya 1: Dai risiti

Kabla ya kufungua faili yoyote, fungua ukurasa wa plagini kwenye dashibodi (sehemu ya usimamizi wa tovuti) na uandike orodha ya zote, zilizowashwa na zilizozimwa. Fanya hivyo kwa mandhari pia. Kisha pitia jina moja moja: ipo kwenye ghala rasmi la WordPress.org? Kama ipo, iweke upande wa salama kwa sasa. Kama haipo, mara nyingi ni ya kulipia, na iliyolipiwa ina risiti, akaunti na ufunguo wa leseni.

Mpigie aliyekutengenezea tovuti, kwa adabu tu: "Naomba ufunguo wa leseni wa plagini hii na akaunti iliyonunuliwa." Mafundi wengine wana leseni ya tovuti nyingi na watakuonyesha. Wengine wataanza hadithi. Ukisikia "hiyo usiwe unaisasisha, itaharibu tovuti," hesabu kwamba umeshajibiwa.

Dalili nyingine ziko kwenye skrini: plagini inasema leseni imewashwa ila sehemu ya ufunguo ni tupu au imejaa nyota na namba za ovyo, toleo ulilonalo limepitwa miaka miwili na dashibodi haijawahi kukupa taarifa, folda ya plagini ina jina la tovuti usiyoijua, au ndani yake mna faili ya maandishi inayokukaribisha kwenye chaneli ya Telegram.

Hatua ya 2: Chukua nakala, hata ya uchafu

Shusha faili zote na hifadhidata nzima, uziweke kwenye kompyuta yako, si kwenye seva ileile. Ipe folda jina CHAFU kwa herufi kubwa ili mwaka ujao usije ukairudisha ukidhani ni bakapu nzuri. Utaihitaji ukifuta kitu kimakosa, au ukitaka kujua kilianza lini. Shusha na kumbukumbu za seva za waliotembelea, maana kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huzitunza kwa siku chache tu.

Kama tovuti inapokea oda au malipo, iweke kwenye hali ya matengenezo sasa hivi. Najua inauma. Ila mwenye mlango wa uani anaweza kubadili maandishi yoyote kwenye tovuti, hata namba ya kulipia. Namba ya Lipa au Paybill ikibadilishwa tarakimu mbili, mteja atalipa, atapata ujumbe wa uthibitisho, na wewe utamwambia hujaona kitu.

Hatua ya 3: Ingia kama mgeni

Yule dada alikuwa sahihi kuliko mimi. Tumia simu ambayo haijawahi kuingia kwenye dashibodi, kwa bando, kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Usiandike anwani ya tovuti. Ipitie Google, ubonyeze.

Kisha andika Google neno `site:` likifuatiwa na anwani yako bila nafasi, mfano `site:mfano.co.tz`, upitie kurasa zote zinazotokea. Tovuti yenye kurasa 8 ikionyesha 900, nyingine za dawa za nguvu za kiume na nyingine kwa herufi za Kijapani, huhitaji ushahidi zaidi. Mwisho fungua Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, sehemu ya masuala ya usalama. Kama hujawahi kuiunganisha, iunganishe leo. Ni bure, na utaihitaji mbele.

Hatua ya 4: Fungua faili

Hapa ndipo pa kukaa na chai. Kama una SSH, njia ya kuiandikia seva amri moja kwa moja, amri hizi ziendeshe ukiwa kwenye folda kuu ya tovuti. Kama huna, kidhibiti cha mafaili cha cPanel, paneli ya kusimamia akaunti ya seva, kinatosha, ila utachukua muda.

Anza na alama za WP-VCD:

`grep -rl "WP_V_CD" .`

`grep -rlE "class\.(theme|plugin)-modules\.php" .`

Kisha angalia kama ndani ya wp-includes mna wp-vcd.php, wp-tmp.php au wp-feed.php. Majina yanafanana na ya WordPress yenyewe, lakini WordPress haina faili hizo. Kwangu nilizikuta zote tatu. Nilipofungua functions.php ya mandhari, mistari ya juu kabisa ilikuwa mirefu, imebanana, na haikufanana hata kidogo na mwandiko wa aliyeandika mandhari ile. Nikataka kujua iliingia lini, nikaangalia tarehe ya faili: ya zamani, kama ya jirani zake. Msimbo wa WP-VCD ukishajiandika kwenye functions.php huirudisha tarehe ya mwanzo. Usiamini tarehe.

Baada ya hapo, tafuta PHP pasipostahili kuwa na PHP:

`find wp-content/uploads -name "*.php"`

Uploads ni nyumba ya picha na nyaraka. Kuna plagini chache huweka humo index.php tupu, hiyo haina neno. Nyingine yoyote ifungue uisome. Picha zinazoitwa kama programu zitafute hivi:

`grep -rnE "include.*\.(png|jpg|gif|ico)" wp-content --include=*.php`

Linganisha WordPress yako na ile halisi, kwa zana ya amri iitwayo WP-CLI (ndiyo yenye amri zinazoanza na `wp`):

`wp core verify-checksums`

`wp plugin verify-checksums --all`

Amri ya kwanza itakutajia kila faili ya WordPress iliyoguswa. Ya pili inafanya kazi kwa plagini za ghala rasmi tu. Ile ya kulipia itakuambia haiwezi kuithibitisha, na hapo unarudi kwenye swali la risiti.

Folda ya wp-content/mu-plugins usiisahau. Kilichomo humo hujiwasha chenyewe, hakina kitufe cha kuzima, na watu wengi hawajawahi kuifungua tangu wazaliwe. Tazama pia .htaccess, wp-config.php mwanzo hadi mwisho, na kazi za ratiba kwa `wp cron event list`.

Watumiaji wahesabu mara mbili. Kwenye dashibodi ukurasa wa watumiaji unaweza kudanganywa: mistari michache ya msimbo inatosha kumwondoa msimamizi mmoja kwenye orodha. Kwa hiyo ingia phpMyAdmin, zana ya kuitazama hifadhidata iliyomo cPanel, fungua jedwali la wp_users, uhesabu kwa macho. Dashibodi ikikuambia wawili na jedwali likakuambia watatu, umempata mpangaji asiyelipa kodi.

Kuna anayesema, "Mimi zip yangu niliipitisha kwenye antivairasi, ikasema safi." Inaweza kusema safi kwa haki kabisa. Msimbo wa mistari miwili unaoleta maelekezo kutoka seva ya nje baada ya wiki tatu hauna cha kuonyesha siku unapopimwa.

Hatua ya 5: Ng'oa, usipogoe

Kosa nililofanya mwanzo: nilifuta mistari ya juu kwenye functions.php, nikafuta zile faili tatu, nikamtumia dada ujumbe kwamba tumemaliza. Jumanne kamari ikarudi. Sikujua kwamba kwenye akaunti ileile ya cPanel nilikuwa nimehifadhi tovuti nyingine 5, za wateja wengine, na WP-VCD huzunguka akaunti nzima ikitafuta WordPress nyingine za kuingia. Nilisafisha chumba kimoja huku ikitokea chumba cha pili. Duka la vipodozi, shule ya chekechea, fundi wa aluminiamu, wote walikuwa nayo, na hakuna aliyewahi kushusha kitu cha bure. Nilishusha mimi, kwa niaba ya mmoja.

Kuizima plagini kwenye dashibodi hakusaidii. Ikishawashwa mara moja imeshasambaza ilivyotaka kusambaza, na faili zake bado zipo. Fanya hivi, kwa kila tovuti iliyomo kwenye akaunti, siku moja:

1. Futa folda za wp-admin na wp-includes, na faili za PHP za folda kuu, isipokuwa wp-config.php. Pandisha mpya kutoka WordPress.org, toleo la sasa.

2. Futa plagini zote. Nasema zote, hata zile za ghala rasmi, maana nazo zinaweza kuwa zimepandikizwa msimbo mchafu. Kwa sababu una orodha ya hatua ya 1, utazirudisha moja moja kutoka chanzo chake. Mipangilio yake mingi imekaa kwenye hifadhidata na haitapotea, mradi unafuta folda zenyewe na si kwa kitufe cha dashibodi.

3. Futa mandhari zote. Kama ulikuwa na mandhari ndogo (child theme, inayoegemea mandhari nyingine) uliyoiandika mwenyewe, isome mstari kwa mstari kabla ya kuirudisha. Kama mandhari yenyewe ndiyo ya kuchakachua, washa kwa muda mojawapo ya zile zinazokuja na WordPress. Tovuti itaonekana uchi. Vumilia.

4. Safisha uploads kulingana na ulichokiona hatua ya 4, na ufute mu-plugins usizozifahamu.

5. Kwenye hifadhidata, futa wasimamizi wasiojulikana. Tazama wp_options: siteurl na home ziwe anwani yako. Tafuta neno `<script` kwenye wp_posts na kwenye vipande vya kando vya kurasa.

Rudia amri za hatua ya 4. Zisipokuwa kimya, hujamaliza.

Kama una bakapu ya kabla ya plagini ile kuwekwa, na tovuti haijabadilika sana, kuirudisha ni njia fupi kuliko yote hii. Ila uwe na hakika ya tarehe. Bakapu ya jana ni bakapu ya ugonjwa.

Hatua ya 6: Badilisha funguo zote

Fanya baada ya kusafisha, si kabla, vinginevyo unamkabidhi ufunguo mpya. Badilisha nywila za wasimamizi wote, ya cPanel, ya FTP, ya hifadhidata (kisha uiandike mpya kwenye wp-config.php), na ya barua pepe zilizo kwenye akaunti hiyo. Kisha:

`wp config shuffle-salts`

Amri hii inabadili chumvi za siri za WordPress (maandishi ya nasibu yanayolinda kuingia kwa watumiaji) na kuwatoa nje wote walioingia, wewe ukiwemo. Bila hiyo, aliyekuwa ameshaingia anaweza kubaki ndani hata nywila ikibadilika kwingine. Kama tovuti imeunganishwa na mfumo wa malipo au wa kutuma SMS, omba funguo mpya za API (zinazoiunganisha tovuti na mfumo huo) huko pia, maana za zamani zilikaa kwenye hifadhidata ileile.

Hatua ya 7: Google na wateja wako

Kama Google imeweka onyo jekundu, ingia Search Console na uombe kukaguliwa upya. Eleza ulichokuta na ulichofanya, sentensi tano zinatosha. Usiombe kabla hujamaliza kweli, kwa sababu wakikuta bado pachafu, safari inayofuata itachukua muda zaidi. Zile kurasa 900 za dawa hazitoweki siku hiyo hiyo. Zitapungua taratibu, na usishangae kuziona hata wiki kadhaa baadaye.

Kama tovuti inatunza majina, namba za simu au vitambulisho vya watu, jambo limetoka mikononi mwa fundi likaingia kwa mwenye biashara. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayompa mwenye kutunza data saa 72 za kumjulisha Kamishna pale uvujaji unapoweza kuwadhuru wahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Mwite mwanasheria. Mimi nilimwambia dada ukweli kwamba fomu yake ya nafasi ilikuwa na majina ya wageni na namba za simu, na kwamba sijui kama yalichukuliwa. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu kuliko nilivyopenda.

Hatua ya 8: Ziba pengo

Sasa kuna shimo ilipokuwa plagini ya kuchakachua, na usipoliziba utarudi kulekule ulikotoka. Anza kwa kuuliza ilikuwa inafanya nini hasa. Ghala rasmi la WordPress lina plagini zaidi ya 50,000 za bure, na zinazohitajika kwa duka dogo au nyumba ya wageni zimo: WooCommerce kwa duka, Contact Form 7 kwa fomu, Astra, Kadence na GeneratePress kwa mandhari. Nyingi zina toleo la kulipia pia, lakini la bure ni halali, linasasishwa, na limetoka kwa mwenyewe.

Ukikuta kweli unahitaji ya kulipia, nunua kwa aliyeitengeneza. Hoja ya kadi ilikuwa na nguvu 2018. Leo Kenya wana kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa tangu 2022, Tanzania kuna kadi za namna hiyo kupitia simu na benki, na hata anayeishi Muscat au Minneapolis unaweza kumwomba akulipie ukamrudishia. Leseni iandikwe kwa barua pepe ya mwenye tovuti, si ya fundi. Mkigombana na fundi, asiondoke na masasisho yako.

Na fundi mwenzangu, weka mstari wa leseni kwenye hati ya bei, peke yake, na bei yake ya kila mwaka kando ya hosti na domeni. Mteja akiuona mstari huo ataulizia, mtaongea, na mara nyingi ataamua haihitaji. Mstari ukikosekana, hasara ya uamuzi huo unaibeba wewe kimyakimya, usiku, ukitafuta "bure" Google.

Baada ya wiki mbili rudia hatua ya 3 na ya 4. Rudia tena baada ya mwezi.

Kwa yule dada nilifanya kazi hiyo siku nne bila malipo, pamoja na tovuti zile tano. Ile mandhari ya dola 59 niliichagua kwa sababu ilikuwa na mfumo wa kuweka nafasi na kalenda yake. Nilipokuwa nasafisha hifadhidata nikafungua jedwali la nafasi zilizowekwa tangu tovuti ianze: zilikuwa 3, na moja ilikuwa ya kwangu ya majaribio. Wageni wengine wote walikuwa wakimtumia ujumbe WhatsApp. Sasa ana mandhari ya bure, picha ya bahari ileile, na kitufe kimoja cha kijani.